Jinsi ya Kuwa Balozi wa Chapa ya Kucha Ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru: Mwongozo Kamili

Mafundi wengi wa kucha huanza kwa njia moja. Wanaiandikia kampuni ya bidhaa za kucha "Habari, ningependa kuwa balozi wenu," wanaambatisha picha tatu, kisha wanangoja. Jibu haliji. Wanajaribu kampuni ya pili na ya tatu, mambo ni yale yale. Mwishowe wanaamua kwamba shida ni uchache wa wafuasi, wananunua wafuasi, na hapo ndipo mlango unapofungwa kabisa, kwa sababu kampuni hutambua akaunti yenye wafuasi 15,000 na maoni mawili chini ya kila picha.

Kampuni ya jeli au akriliki haikosi watu wa kuisifu. Inachokosa ni ushahidi kwamba bidhaa yake inashika kwenye mikono inayofua, inayopika na inayopalilia, tena katika joto la Kisumu na baridi ya asubuhi ya Nakuru, na kwamba huku kuna mtu wa kuiuza. Ushahidi huo unaweza kuukusanya vizuri zaidi wewe fundi mwenye wateja arobaini kuliko msichana wa Nairobi mwenye wafuasi laki moja. Tenga miezi mitatu hadi minne kutoka hatua ya kwanza hadi kutia sahihi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Vya kazi

- Taa ya kukaushia jeli, wati 48, ambayo balbu zake zote zinawaka. Ikiwa ya kuchaji ni bora, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya jaribio, jaribio hilo limekufa.
- Faili za ukali wa 100/180, bafa, brashi ya vumbi, kisukumio cha ngozi ya kando ya kucha, praima, alkoholi ya aisopropili na vitambaa visivyotoa nyuzi.
- Besi (safu ya chini), topu (safu ya juu) na rangi mbili za chapa unayoilenga, ulizonunua kwa pesa zako. Chupa za mililita 15 zinatosha na kubaki.
- Rula ndogo ya milimita.

Vya kumbukumbu na picha

- Daftari la mistari, au jedwali kwenye simu.
- Simu yenye kamera safi, mguu wa kuishikilia, na manila moja nyeupe na moja ya kijivu.
- Fomu za idhini ya picha, angalau nakala 15.

Vya kiofisi

- Kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), leseni ya biashara ya kaunti na laini ya kupokelea malipo kwa jina lako.
- Cheti cha mafunzo. Ukiwa na mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), hata wa Gredi ya III, weka mbele kabisa. Huna? Anza hatua hizi huku ukijiandikisha. Kampuni nyingi zitakubali kazi nzuri, lakini zinazotafuta mkufunzi zitaomba karatasi.

## Hatua ya 1: Chagua kampuni mbili, si kumi

Ziorodheshe chapa zote unazotumia sasa. Futa zile ambazo huwezi kuzinunua tena ndani ya siku tatu. Bidhaa ambayo mteja wako akiiomba leo unaipata baada ya mwezi haiwezi kukujengea jina.

Katika zilizobaki, tazama nani ana pengo huku kwetu. Bidhaa nyingi za kucha huingia kupitia kwa wauzaji wa jumla wa Dubois Road na River Road jijini Nairobi, kisha hupakiwa kwenye mabasi kama mizigo. Fundi wa Bondo, Mbale au Bungoma hununua alichokikuta dukani mjini, hata kama sicho alichokitaka. Chapa nzuri isiyo na duka hata moja kati ya Nakuru na Busia ndiyo inayokuhitaji zaidi.

Chagua ya kwanza na ya akiba. Ukiwaandikia kumi kwa mpigo, kila mmoja ataona kwenye ukurasa wako kwamba wiki hii unaisifu hii na wiki ijayo ile.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini chapa hiyo inakosa wateja Magharibi.

## Hatua ya 2: Kagua bidhaa kabla ya kuipa jina lako

Jina lako likishafungwa na chupa, chupa ikimuumiza mteja atakutafuta wewe, si kiwanda. Kwa hiyo soma kibandiko chote.

Tafuta jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, nambari ya toleo, na alama ya kopo wazi inayoonyesha bidhaa idumu miezi mingapi baada ya kufunguliwa. Chupa isiyo na orodha ya viambato, iache. Haijalishi rangi inavutia kiasi gani.

Bidhaa iliyotengenezwa nchini inapaswa kuwa na alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya). Andika SM, alama ya reli (#), kisha nambari ya kibali, utume kwa 20023. Ya kutoka nje inahitaji stika ya ISM (alama ya KEBS ya bidhaa za kutoka nje), na mwagizaji halali atakuwa na cheti cha kuthibitisha ubora kilichotolewa kabla mzigo haujaondoka. Mwombe akuonyeshe. Mwenye nacho hakasiriki.

Viambato vitatu lazima uvifahamu, kwa sababu utaulizwa:

MMA. Umajimaji wa akriliki wenye kiambato hiki una harufu kali kupita kiasi, ukikauka unakuwa mgumu mno kusagwa, na asetoni huuondoa kwa shida. Kucha bandia ikijigonga haivunjiki, bali inang'oa kucha ya asili. Akriliki inayokubalika hutumia kiambato kingine, EMA. Kampuni ikikwepa swali hili, iache.

HEMA. Husaidia jeli kushika, lakini ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa kucha. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya umeruhusu bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu tu. Haina maana kwamba ni sumu. Maana yake ni kwamba isiguse ngozi na ikaushwe kikamilifu.

TPO. Hii huifanya jeli igande chini ya taa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Septemba 1, 2025. Uliza kampuni kama mzigo wake una TPO na ina mpango gani. Jibu lao litakuonyesha kama wanaijua bidhaa yao au wanauza tu.

Onyo: mteja akilalamika kuwashwa, akapata wekundu au malengelenge kuzunguka kucha, sitisha mara moja, toa jeli yote na umwelekeze hospitalini. Usimjaribishie chapa nyingine. Mzio wa aina hii ukishaanza kwa kawaida hauishi, na unaweza kumsumbua hata kwa daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya vijazio vya meno vina viambato vya jamii hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Fanya jaribio la mikono miwili

Kazi yote imejengwa juu ya hatua hii, kwa hiyo usiiharakishe. Picha za siku ya kwanza hazithibitishi chochote. Kila jeli inapendeza siku ya kwanza.

Tafuta wateja 12 wa kudumu. Wachanganye: wanne wanaofua kwa mikono na kutumia dawa ya kung'arisha nguo, wanne wa ofisini au dukani, wawili wanafunzi, na wawili ambao kucha zao hubanduka mapema kila mara. Hao wawili wa mwisho ni muhimu kuliko wote. Waeleze ni jaribio, na uwapunguzie bei kwa sharti la kurudi kukaguliwa. Shilingi 100 zikitolewa siku ya kurudi, si siku ya kwanza, huwarudisha wengi.

Mkono mmoja paka chapa mpya, mwingine chapa uliyoizoea. Mteja akiwa na chapa moja tu mikono yote, jeli ikibanduka hutajua kosa ni la jeli au la kazi zake. Mikono miwili ya mtu mmoja hufua nguo zile zile.

Wengi hutumia mkono wa kulia zaidi, kwa hiyo badilisha: wateja sita waweke chapa mpya kulia, sita kushoto. Usipobadilisha, chapa iliyokaa kulia itaonekana dhaifu bila kosa lake.

Andaa kucha kwa njia moja kwa wote.

1. Usiloweke mikono majini. Kucha iliyolowa hutanuka. Ikikauka inarudi, na jeli iliyokuwa juu yake inaachia.
2. Sukuma ngozi ya kando, ondoa utando mwembamba uliolala juu ya kucha. Utando huo ndio chanzo cha kubanduka karibu na ngozi.
3. Pitisha bafa polepole hadi mng'ao uishe. Usichimbe.
4. Futa vumbi, futa kwa alkoholi, weka praima kidogo, ngoja ikauke.
5. Paka besi nyembamba, uache nafasi ya kama milimita moja kutoka kwenye ngozi. Ikigusa ngozi, ifute kabla ya kuingiza mkono kwenye taa.
6. Pitisha brashi kwenye ncha ya kucha pia. Ncha isiyofungwa huchubuka ndani ya wiki moja kwa mtu anayefua.
7. Kausha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na kwa taa ambayo kampuni inaipendekeza ikiwa inapatikana. Vidole gumba vikaushe peke yake: vikiwa pamoja na vingine hulala upande, na mwanga haufiki kona moja.
8. Rangi mbili nyembamba, kila moja ikaushwe. Topu, kausha, kisha futa utando unaonata ikiwa topu hiyo huacha utando.

Rangi nzito ndiyo inayowaangusha mafundi wengi hapa, hasa nyeusi na nyekundu iliyokolea. Juu inakuwa ngumu, chini bado mbichi. Baada ya siku nne inakunjamana au kutoka kama ganda, na fundi anailaumu chapa.

Zingatia hali ya hewa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850, na tofauti hiyo utaiona mezani. Saa nane mchana Kisumu, jeli huwa nyepesi na kukimbilia kwenye ngozi. Fanya kidole kimoja au viwili, kausha, ndipo uendelee. Umajimaji wa akriliki nao hukaza haraka kwenye joto, kwa hiyo punguza ukubwa wa donge. Asubuhi za Julai huko Nakuru jeli huwa nzito kutoka kwenye chupa, na akriliki iliyowekwa kwenye kucha baridi inaweza kutoa mabaka meupe na kuvunjika. Pasha chupa viganjani na umwambie mteja asugue mikono kwanza. Andika saa na hali ya hewa kwa kila mteja. Maelezo haya kampuni ya Nairobi au ya ng'ambo haiwezi kuyapata ofisini.

Kagua siku ya 7, 14 na 21. Kwa kila kucha andika: imebanduka milimita ngapi na upande gani, ncha imechubuka au la, mng'ao umebaki au umefifia, rangi imebadilika au la. Topu nyeupe au ya maziwa ichunguze sana. Binzari ya mchuzi na hina huacha umanjano kwenye topu dhaifu, na wanawake wetu wanapika.

Piga picha ya mikono yote miwili pamoja, mahali pale pale, kila ukaguzi.

Utajua umefaulu: siku ya 14, angalau mikono 10 kati ya 12 ya chapa mpya haina kubanduka kunakozidi milimita 2, na matokeo yako karibu na chapa yako ya kawaida au yanaizidi. Yakiwa chini ya hapo, usiiwakilishe. Rudia hatua ya kwanza na chapa ya akiba. Inauma kupoteza wiki tatu, lakini ni nafuu kuliko kuwauzia mafundi wenzako kitu kitakachowafukuzia wateja.

## Hatua ya 4: Picha, video na ruhusa

Piga picha karibu na dirisha lenye mwanga, pasipo jua la moja kwa moja. Zima balbu ya manjano, kwa sababu inageuza waridi kuwa rangi ya chungwa, na atakayenunua kwa picha hiyo atalalamika. Futa lenzi. Gusa na ushikilie kidole kwenye skrini juu ya kucha ili mwanga na ukali wa picha vijifunge. Manila ya kijivu huonyesha rangi kwa ukweli zaidi kuliko mito ya manyoya na maua ya plastiki.

Video ikimeta chini ya taa za ndani, chanzo ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka fremu 25 au 50 kwa sekunde, au kasi ya shata 1/50, na mistari itatoweka.

Kwenye TikTok na Instagram, akaunti ya biashara haina haki ya kutumia kila wimbo. Chagua muziki kutoka maktaba ya matumizi ya kibiashara, la sivyo video ya tangazo inaweza kuzimwa sauti siku ile kampuni inapoitazama.

Ruhusa ya mteja iwe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitanii: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Fomu fupi inatosha:

*"Nimekubali picha na video za mikono yangu zitumiwe na (jina lako) na kampuni ya (jina) kwenye mitandao na matangazo kwa miezi 12. Naweza kuondoa ruhusa hii kwa kuandika ujumbe."* Jina, tarehe, sahihi.

Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye atoe idhini. Ukikosa, usimpige picha.

Unahitaji video nne tu kwa sasa: uandaaji wa kucha, upakaji, mikono ya siku ya 14, na kuondoa jeli. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, ilhali mteja anaogopa zaidi kuondoa kuliko kuweka.

## Hatua ya 5: Uza kidogo kabla ya kuomba

Ingia maduka matatu ya vipodozi mjini kwako. Beba ripoti ya jaribio na mkono uliopakwa siku 14 zilizopita. Mkono huo unauza kuliko maneno. Uliza maswali haya tu: Je, mnauza chapa hii? Mkipata bei ya jumla, mtaanza na chupa ngapi? Rangi zipi zinaisha haraka hapa?

Duka likisema litachukua, omba ujumbe wa WhatsApp unaosema hivyo, wenye idadi.

Kisha waonyeshe mafundi watano hadi wanane jaribio lako mezani, kwa saa mbili. Andika kila swali wanalouliza. Fundi wa Kondele, Kisumu, atauliza bei, wa Kakamega karibu na chuo cha Masinde Muliro atauliza kama inafaa wanafunzi wanaolipa nusu, wa Nakuru mjini atauliza kama taa yake ya zamani itaikausha. Maswali hayo ni dhahabu kwa kampuni yoyote yenye akili.

Utajua umefaulu: una ahadi ya maandishi kutoka duka moja, na majina ya mafundi watano waliokubali kuipokea simu ya kampuni.

## Hatua ya 6: Andika ujumbe unaojibiwa

Usitumie ujumbe wa faragha wa Instagram kama njia ya kwanza. Tafuta barua pepe au simu ya mtu wa mauzo. Mara nyingi iko kwenye kisanduku cha bidhaa au kwa muuzaji wa jumla. Andika hivi, kwa mpangilio huu:

*"Habari za kazi. Mimi ni fundi wa kucha Kondele, Kisumu, nina wateja wa kudumu 45. Nimejaribu besi na topu yenu kwa wateja 12 kwa siku 21. Mkono mmoja bidhaa yenu, mwingine ninayotumia kila siku. Siku ya 14, mikono 11 kati ya 12 haikuwa imebanduka. Mmoja ulibanduka kwenye kidole gumba. Duka moja la hapa limesema litaanza na chupa 24 kwa bei ya jumla, na mafundi watano wameomba maelezo. Naomba makubaliano ya majaribio ya miezi 3. Nimeambatisha ripoti ya kurasa mbili. Ni nani anayeshughulikia mauzo ya Magharibi nizungumze naye?"*

Ule mkono mmoja uliobanduka usiufiche. Ripoti isiyo na doa haiaminiki.

Ujumbe unaishia kwa swali jepesi la kujibu. "Nasubiri jibu lenu" humwachia msomaji kazi ya kufikiri. "Ni nani nizungumze naye" humpa kazi ya kutaja jina tu. Kama kampuni ni ya ng'ambo, andika kwa lugha yao kwa mpangilio huo huo, na ueleze bidhaa yao uliipataje Kenya.

Kimya kikipita siku saba za kazi, kumbusha mara moja, ukiongeza jambo jipya, kama picha za siku ya 21 ulizokuwa hujawatumia. Baada ya siku kumi na nne nyingine, hamia kampuni ya akiba.

Onyo la matapeli. Akaunti inayokuandikia "umechaguliwa kuwa balozi, lipa usafirishaji tu" inakuuzia kisanduku cha bei nafuu kwa bei ya juu. Kampuni halali haitozi ada ya kusajiliwa. Ukitumiwa nambari ya Till, tazama jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa jina la mtu binafsi wakati unaambiwa ni kampuni, acha. Kampuni ya Kenya unaweza kuithibitisha kupitia huduma ya usajili wa biashara kwenye eCitizen.

## Hatua ya 7: Malipo na mkataba

Ofa huja kwa sura nne: bidhaa za bure, msimbo wa punguzo wenye kamisheni, malipo ya kila mwezi, na ukufunzi unaolipwa kwa siku. Wengi hudakia bidhaa za bure bila kupiga hesabu. Hebu tuipige.

Tuseme unapewa bidhaa za shilingi 6,000 kwa mwezi na unatakiwa video nane. Kila video, pamoja na kupaka, kurekodi na kuhariri, inakula saa tatu: jumla saa 24. Kwa saa hizo, ukifanya seti moja ya jeli kwa saa mbili kwa shilingi 800, ungepata 9,600. Wewe ndiye umewalipa shilingi 3,600 ili uwatangaze, na bado bando hatujalihesabu.

Kamisheni nayo: asilimia 10 ya chupa ya 900 ni shilingi 90. Chupa 20 kwa mwezi ni 1,800. Ofa hiyo inafaa tu ikiwa maagizo ya maduka, siyo ya wateja mmoja mmoja, yanahesabiwa kwenye msimbo wako. Omba hilo. Duka moja linalochukua chupa 24 linakuvusha chupa hizo 20 kwa siku moja.

Mpangilio unaowafaa wengi wanaoanza: bidhaa za kazi, kamisheni inayojumuisha maduka, na video mbili tu kwa mwezi kwa miezi mitatu.

Soma mkataba ukitafuta haya:

- Upekee. Wakikuzuia kutumia chapa nyingine, kizuizi kiwe cha aina moja ya bidhaa. Kama wanauza jeli pekee, hawana haki ya kukuzuia akriliki ya wengine. Na kizuizi kisiendelee baada ya mkataba kuisha.
- Matumizi ya picha. Ziandikwe kwa muda, tuseme miezi 12, na zikitumika kwenye tangazo la kulipia au bango, kuwe na malipo ya ziada. "Daima na popote" ni maneno ya kukata. Tena yanagongana na idhini uliyopewa na wateja wako.
- Siku za malipo. 14 au 30 baada ya mwisho wa mwezi, siyo "baada ya kampeni."
- Gharama ya mzigo. Nani analipa basi kutoka Nairobi, na nani anabeba hasara chupa zikifika zimemwagika.
- Bidhaa mbovu. Uwe na haki ya kusitisha matangazo mara moja wateja wakipata mzio, bila faini. Kampuni ikikataa kipengele hiki, usitie sahihi.
- Kuvunja. Notisi ya siku 30 kwa pande zote mbili.

Kuhusu kodi: tangu Julai 2023, malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Ukilipwa 20,000, utapokea 19,000. Ile 1,000 haijapotea ikiwa kampuni imeiwasilisha. Dai hati ya kodi ya zuio, na uitumie unapojaza ritani kabla ya Juni 30. Kampuni pia inaweza kukuomba ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) kabla ya kukulipa. Kwa asiyesajiliwa VAT, ankara hiyo hutengenezwa hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Jifunze kabla ya siku ya malipo.

Utajua umefaulu: una nakala yenye sahihi mbili, na unaweza kumweleza mtu mwingine utalipwa nini, lini na kwa kufanya nini, bila kufungua karatasi.

## Hatua ya 8: Siku 90 za kwanza

Wiki ya kwanza, pokea mzigo na uhesabu mbele ya kamera, ukionyesha nambari za toleo. Ufungue chupa moja ya kila toleo jipya na uipake kwenye tipsi (kucha bandia) kabla ya kumpaka mteja. Matoleo hutofautiana, na toleo moja zito au lenye rangi tofauti linaweza kukuharibia mwezi.

Kila tangazo liweke wazi kwamba ni ushirikiano wa kulipwa. Mitandao mikubwa ina kitufe cha kuonyesha hivyo. Wateja hawachukii ukilipwa. Wanachukia wakigundua baadaye.

Panga mzigo kwa misimu ya huku: mahafali ya vyuo, harusi za Agosti na Desemba, na watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Rangi za Desemba ziagizwe mapema Novemba, maana wiki za mwisho mizigo hurundikana kwenye mabasi.

Mwisho wa kila mwezi tuma ripoti ya ukurasa mmoja: chupa zilizouzwa kwa kila rangi, maduka yaliyoagiza, malalamiko na nambari za toleo zake, swali lililorudiwa zaidi na mafundi, video na idadi ya waliozihifadhi. Idadi ya kuhifadhiwa ina uzito kuliko ya kupendwa. Anayehifadhi anakusudia kununua au kujaribu.

Siku ya 75, omba mazungumzo ya mkataba mpya. Usingoje siku ya 90, kwa sababu hapo kampuni ina mzigo wako na video zako, na wewe huna cha kuwekea masharti. Peleka ripoti tatu, idadi ya maduka uliyofungua, na ombi moja: malipo ya kila mwezi au siku za ukufunzi zinazolipwa. Ukienda na maombi matano watachagua lile dogo.

Wakikataa, toa notisi kama mkataba unavyosema. Bidhaa ambazo hazijafunguliwa zirudishwe kwa orodha yenye sahihi za pande zote mbili. Siku mkataba unapoisha, ondoa jina la chapa kwenye wasifu wako, na uyaambie maduka yaliyokuwa yakiagiza kupitia kwako nani atawapokea simu kuanzia kesho yake.